Televisheni Ukutani: Namna ya Kuitundika Isianguke

Mazungumzo haya yalisomwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili yasomwe tena, polepole, darasani na nyumbani.

Natumaini mmekaa tayari, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Somo letu la leo lina kusoma ndani yake, lina hesabu, tena lina kazi ya mikono. Kiongozi wa darasa, tafadhali weka futikamba moja mezani, maana tutaitumia. Kama darasa halina futikamba, rula ya shule itatosha kwa leo.

Leo tutajifunza namna ya kutundika televisheni ukutani ili ikae imara wala isianguke. Pengine mmoja wenu atauliza, “Hilo nalo ni somo? Si kazi ya fundi?” Naam, ni kazi ya fundi. Lakini nyumba ni yako, fedha ni zako, na watoto wanaocheza chini ya televisheni hiyo ni wako. Fundi akimaliza kazi huondoka. Wewe ndiwe utakayelala na kuamka chini ya kazi yake. Basi yafaa ujue kazi nzuri ikoje, ili umwulize fundi maswali, na ukatae kazi mbaya kabla hujalipa.

KWA NINI TELEVISHENI HUANGUKA

Televisheni si kitu kigeni kwetu tena. Kenya ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Televisheni za zamani zilikuwa kama sanduku, na ndani yake mlikuwa na kioo kinene. Moja ya inchi 21 iliweza kufika kilo 20 na zaidi, na uzito mwingi ulikuwa upande wa mbele.

Televisheni za sasa ni nyembamba na nyepesi. Ya inchi 43 aghalabu ina uzito wa kilo 8 hadi 10. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni nyepesi haina hatari. Sivyo. Televisheni nyembamba ni ndefu kwenda juu, lakini miguu yake ni myembamba. Chukua kitabu chako, ndugu mwanafunzi, ukisimamishe wima juu ya meza. Sasa kiguse kwa kidole kimoja. Kimeanguka, sivyo? Televisheni juu ya kabati huanguka vivyo hivyo.

Na tazameni vyumba vyetu vya kukaa vilivyo. Televisheni iko juu ya meza au kabati. Chini yake pana kitambaa kizuri kilichofumwa kwa mkono, na ncha yake inaning'inia mbele. Mtoto anayejifunza kusimama hutafuta kitu cha kushika. Anashika kitambaa, anavuta, na vyote vinakuja pamoja naye. Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 3 au 4, amemwona mama akiweka rimoti juu ya kabati. Anavuta droo ya chini, anaikanyaga, anavuta ya pili, anapanda kama ngazi. Kabati linainama, televisheni inamwangukia kichwani.

Ndugu zangu, kilo 10 zikianguka juu ya kichwa cha mtoto mdogo si jambo dogo. Watoto wamekufa kwa njia hiyo katika nchi nyingi. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina televisheni zaidi ya moja, serikali ilianza mwaka 2015 kuwahimiza wazazi wafunge televisheni na makabati yao ukutani, kwa sababu ya watoto waliokufa na walioumizwa. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, chini ya miaka 6, kwa kuwa wanapanda kila kitu na hawajui hatari.

Kwa hiyo kutundika televisheni ukutani kuna faida: mtoto haifikii kwa urahisi, na meza hupata nafasi. Lakini kuna sharti moja kubwa. Televisheni iliyotundikwa vibaya ni mbaya kuliko iliyo mezani, maana sasa itaanguka kutoka juu, usiku au mchana, bila mtu kuigusa. Basi tuendelee taratibu. Mwenda pole hajikwai.

JAMBO LA KWANZA: IJUE TELEVISHENI YAKO

Kabla ya kununua chochote, jua mambo matatu: ukubwa wa televisheni, uzito wake, na matundu yaliyo mgongoni mwake.

Ukubwa huandikwa kwa inchi. Inchi moja ni sentimeta 2.54. Watu wengi hukosea hapa. Wanadhani inchi 43 ni upana. La. Kioo hupimwa kutoka pembe ya chini upande mmoja hadi pembe ya juu upande wa pili, mshazari. Inchi 43 ni sentimeta 109 kwa mshazari, lakini upana wa televisheni hiyo ni kama sentimeta 96, na kimo chake ni kama sentimeta 56. Basi usitegemee namba ya inchi unapochagua mahali ukutani. Pima mwenyewe upana na kimo kwa futikamba.

Uzito umeandikwa katika kijitabu kilichokuja ndani ya boksi, au katika karatasi iliyobandikwa nyuma. Tafuta herufi “kg”. Hapa ndipo kusoma kunapoleta faida. Aghalabu utaona namba mbili: moja ni uzito wa televisheni pamoja na miguu, na nyingine ni bila miguu. Chukua iliyo kubwa, uiandike katika daftari lako.

Sasa geuza televisheni. Ilaze kifudifudi juu ya godoro au blanketi nene, usiilaze juu ya sakafu tupu. Mgongoni utaona matundu manne yenye chuma ndani. Hayo ndiyo ya kutundikia. Pima umbali wa tundu moja hadi la pili kwenda kando, kisha kwenda chini. Viwanda vingi vya dunia vinafuata kipimo kimoja kinachoitwa VESA, na kipimo hicho huandikwa kwa milimeta. Ukiona 200 × 200, maana yake ni milimeta 200, yaani sentimeta 20, kila upande. Kuna 100 × 100, kuna 400 × 400, na kadhalika. Andika kipimo chako. Ukienda dukani bila namba hiyo, utauziwa kisichofaa.

Kama televisheni yako ni ya zamani, ile ya sanduku, usiitundike kwa njia tunayoisema leo. Iweke chini, juu ya meza fupi na pana.

JAMBO LA PILI: UJUE UKUTA WAKO

Wengi huchagua televisheni kwa makini, lakini ukuta hawauulizi habari zake. Na ukuta ndio unaobeba mzigo.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti nzito, ukuta umejaa. Ukisikia sauti ya debe tupu, ndani mna uwazi. Kisha uliza ukuta huo umejengwa kwa nini.

Ukuta wa zege, au wa matofali ya saruji yaliyojaa, au wa matofali yaliyochomwa vizuri, ni mzuri. Utashika.

Ukuta wa matofali ya saruji yenye uwazi ndani unahitaji uangalifu, maana skrubu ikiingia penye uwazi haishiki kitu. Hapo hutumika boliti za aina nyingine, zinazofunguka ndani ya uwazi. Mwulize fundi wako kama anazo, na kama amekwisha kuzitumia.

Katika pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa na visiwani, ziko nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo ni nene, lakini chokaa iliyo katikati ya mawe ni laini. Tundu likiangukia penye chokaa, skrubu huzunguka bure bila kukaza. Shabaha iwe kwenye jiwe lenyewe.

Ukuta wa jasi, yaani mbao nyeupe laini zinazogawanya vyumba katika nyumba za siku hizi, haubebi televisheni peke yake. Nyuma yake pana nguzo za mbao au za chuma. Skrubu za breketi sharti zifike katika nguzo hizo.

Ukuta wa matofali mabichi, au wa miti na udongo, usiutundikie televisheni kwa skrubu. Udongo mkavu humung'unyuka. Leo utashika, na baada ya masika utaachia. Nitasema baadaye wenye nyumba za namna hii wafanye nini.

Tena jambo moja zaidi. Juu ya tofali pana lipu. Lipu aghalabu ina unene wa sentimeta 1 hadi 2, wala haina nguvu ya kubeba mzigo. Lipu ni kama nguo, na tofali ndilo mwili. Huwezi kumbeba mtu kwa kushika shati lake. Kitakachobeba televisheni sharti kipite lipu, kiingie ndani ya tofali.

Na wapangaji wasisahau: mwambie mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta wake. Maneno machache ya adabu leo huzuia ugomvi siku ya kuhama.

JAMBO LA TATU: BREKETI

Chuma kinachobeba televisheni ukutani dukani huitwa breketi. Ziko za namna tatu. Ya kwanza imetulia, televisheni hukaa karibu kabisa na ukuta. Ya pili huinama kidogo, kioo kitazame chini. Ya tatu ina mkono wa kukunja, na unaweza kuivuta televisheni mbele na kuigeuza huku na huku.

Mkono wa kukunja hupendwa na wengi. Lakini hebu tufanye jaribio. Kila mmoja ashike kitu kizito, kama ndoo yenye maji kidogo, akikumbatie karibu na kifua. Ni rahisi. Sasa unyooshe mkono mbele, ushike ndoo ile ile. Baada ya muda mfupi mkono unatetemeka. Uzito wa ndoo haukuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali.

Sasa tufanye hesabu yake. Tuseme televisheni ina kilo 15, na bamba la breketi lililofungwa ukutani lina kimo cha sentimeta 20. Televisheni ikiwa karibu, uzito wake uko sentimeta 5 kutoka ukutani:

15 × 5 = 75. Kisha 75 ÷ 20 = 3.75.

Skrubu za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya karibu kilo 4. Sasa vuta mkono, televisheni ifike sentimeta 40 kutoka ukutani:

15 × 40 = 600. Kisha 600 ÷ 20 = 30.

Mmeona? Televisheni ni ile ile, lakini skrubu za juu sasa zinavutwa kwa nguvu ya kilo 30. Ndiyo sababu nasema: kama ukuta wako haujulikani vizuri, chagua breketi iliyotulia. Mkono wa kukunja utakiwe tu penye haja na ukuta imara.

Juu ya boksi la breketi husoma mambo mawili: uzito inaoweza kubeba, na vipimo vya matundu inayokubali. Uzito wa breketi sharti uzidi uzito wa televisheni, wala usiwe sawasawa. Na kipimo ulichokiandika katika daftari sharti kiwemo katika orodha.

JAMBO LA NNE: KUPIMA MAHALI

Chagua mahali pasipofikiwa na jua kali, wala mvua inayopenya ukutani, wala moshi wa jiko. Chagua pia mahali ambapo kitanda na kochi haviko chini yake kabisa, mtoto asije akapanda.

Sasa jihadhari na umeme uliofichwa. Waya za umeme hupita ndani ya ukuta katika bomba, na mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Basi usitoboe kamwe juu ya soketi, wala chini yake, wala kandokando yake kwa mstari mmoja. Nyuma ya ukuta pakiwa na bafu au jiko, uliza mabomba ya maji yamepita wapi.

Kimo kiwe kiasi gani? Mtu akikaa, macho yake yaelekee katikati ya kioo au chini kidogo ya katikati. Watu wengi huweka juu mno, kama picha ya ukutani, halafu shingo huuma. Lakini penye watoto wadogo unaweza kupandisha kidogo. Tuseme umeamua ukingo wa chini wa televisheni uwe sentimeta 100 kutoka sakafuni. Utajuaje pa kufunga bamba? Funga kwanza vyuma vya nyuma kwenye televisheni. Pima kutoka ukingo wa chini wa televisheni hadi penye ndoano za vyuma hivyo. Tuseme umepata sentimeta 38. Basi:

100 + 38 = 138.

Ukingo wa bamba unaopokea ndoano utakuwa sentimeta 138 kutoka sakafuni. Weka bamba hapo, weka pimamaji juu yake, na tazama povu likae katikati. Kisha tia alama za matundu kwa penseli. Pima tena kabla ya kutoboa. Alama ya penseli hufutika, tundu halifutiki.

JAMBO LA TANO: KUTOBOA NA KUKAZA

Vifaa vinavyohitajiwa ni hivi: keekee ya umeme au ya betri, biti ya kutobolea ukuta wa saruji, plagi za plastiki, skrubu ndefu, nyundo, bisibisi na spana, na miwani ya kukinga macho. Plagi ninazosema hapa si zile za umeme. Ni vibomba vya plastiki vinavyotiwa ndani ya tundu. Skrubu ikiingia, plagi hupanuka na kung'ang'ania tofali.

Kama unatumia keekee ya betri, zima swichi kuu ya umeme wakati wa kutoboa. Kama ni ya waya, hakikisha kwanza kwa kifaa cha kupimia kwamba hapana waya mahali hapo.

Namba ya biti na namba ya plagi zilingane. Plagi imeandikwa 10, tumia biti ya 10. Tundu likiwa pana kuliko plagi, hata kwa milimeta 1 au 2, plagi italegea. Fundi akikuambia, “Tutatia vijiti vya kiberiti,” au “Tutatia karatasi,” mwambie hapana. Kijiti si kazi. Hapo dawa ni plagi kubwa zaidi na skrubu inayolingana nayo, au tundu jipya mahali pengine.

Tundu liwe na kina gani? Tuhesabu. Lipu sentimeta 2. Plagi sentimeta 5. Ongeza sentimeta 1 kwa ajili ya vumbi. Jumla ni sentimeta 8. Funga kipande cha utepe kwenye biti, sentimeta 8 kutoka ncha yake. Utepe ukifika ukutani, simama. Na skrubu lazima ipite bamba, ipite lipu, ifike mwisho wa plagi, yaani sentimeta 7 au zaidi kidogo. Skrubu zilizokuja na breketi zikiwa fupi kuliko hizo, nunua ndefu za unene ule ule.

Tazama vumbi linalotoka. Kwanza litatoka la lipu. Kisha, tofali likianza, vumbi hubadilika rangi, na keekee husikia ugumu. Kama ugumu haukuja, na biti inaingia kama kisu katika muhogo uliochemka, simama. Ukuta huo haushiki.

Ondoa vumbi ndani ya tundu kwa pampu ya baiskeli au mswaki mkuukuu. Plagi iliyokaa juu ya vumbi haing'ang'anii. Ipige kwa nyundo taratibu mpaka ipite lipu. Weka bamba, tia skrubu zote, kisha kaza moja moja kwa zamu. Skrubu nzuri inakuwa ngumu zaidi kila ukiizungusha. Skrubu inayozunguka tu bila kukaza haina kazi. Usiihesabu.

Sasa lijaribu bamba kabla ya kutundika mali yako. Lishike kwa mikono miwili, ulivute chini kwa nguvu, kisha ulivute kuja kwako. Halafu fanya jaribio la ndoo. Maji lita 20 yana uzito wa kilo 20. Funga ndoo ya maji kwa kamba kwenye bamba, mahali pasipo na watu chini, uiache mpaka kesho. Asubuhi tazama kama bamba limesogea, kama lipu imepasuka, kama pana uwazi mpya nyuma ya bamba. Afadhali maji yamwagike kuliko televisheni ianguke.

JAMBO LA SITA: KUTUNDIKA

Skrubu za kuingia mgongoni mwa televisheni ni tofauti na za ukutani. Zikiwa fupi mno hazishiki. Zikiwa ndefu mno hupenya ndani na kuharibu kioo. Anza kwa vidole. Ikifika mwisho na chuma bado kinacheza, toa, ongeza washa, rudisha. Usilazimishe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kutundika ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande. Shikeni pembeni, msishike kioo. Watoto wawe nje. Inueni pamoja, ingizeni ndoano juu ya bamba, kisha sogezeni upande wa chini taratibu. Msiachie mpaka wote wawili mmeona kwa macho kwamba ndoano zote zimeingia. Baadaye kazeni skrubu ndogo za chini, zile za kufunga ndoano. Wengi huziacha kwa kuwa zinaonekana ndogo. Bila hizo, mtu akifuta vumbi kutoka chini kwenda juu anaweza kuing'oa televisheni kutoka ndoanoni.

Waya za umeme, antena na king'amuzi zisining'inie. Zipitishe katika mfereji wa plastiki uliofungwa ukutani. Waya unaoning'inia ni kamba ya mtoto. Na radi ikianza kunguruma mbali, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena. Kutundikwa ukutani hakuikingi televisheni na radi.

KAMA UKUTA HAUFAI

Ndugu mwenye nyumba ya udongo, usisikitike. Usalama hauhitaji ukuta wa saruji. Tafuta meza fupi na pana, yenye miguu iliyosimama imara. Sukuma televisheni nyuma, mbali na ukingo wa mbele. Pitisha mkanda au kamba imara katika matundu ya mgongoni, uifunge kwenye meza yenyewe, na meza uifunge kwenye nguzo ya nyumba. Ondoa kitambaa kinachoning'inia. Wala usiweke rimoti, pipi, wala mdoli juu ya televisheni, maana vitu hivyo ndivyo vinavyomwita mtoto.

Na ajali ikitokea, Mungu apishie mbali, ondoa televisheni juu ya mtoto, wala usimtikise. Akitapika, akisinzia, akizimia, akilalamika kichwa au shingo, mpeleke hospitali mara moja. Hata kama hana damu wala halii, apimwe. Jeraha la ndani ya kichwa halionekani kwa macho.

BAADA YA KAZI

Kazi haikwisha siku ya kutundika. Kila baada ya miezi mitatu, na hasa baada ya mvua kubwa, tazama vitu vitatu: je, televisheni imeinama? Je, lipu imepasuka karibu na bamba? Je, skrubu zimelegea? Ukiona ufa mdogo, teremsha televisheni siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze kwamba ukuta hujengwa tena, lakini mtoto hajengwi.

MASWALI YA DARASA

1. Taja sababu mbili zinazofanya televisheni nyembamba ianguke kwa urahisi.
2. Kwa nini lipu haiwezi kubeba televisheni?
3. Televisheni ya inchi 55 ina sentimeta ngapi kwa mshazari?
4. Ukingo wa chini uwe sentimeta 95 kutoka sakafuni. Kutoka ukingo huo hadi ndoano ni sentimeta 41. Bamba lifungwe kimo gani?
5. Televisheni ina kilo 12. Mkono wa breketi umeitoa sentimeta 30 kutoka ukutani. Bamba lina kimo cha sentimeta 20. Skrubu za juu zinavutwa kwa nguvu ya kilo ngapi?
6. Andika barua fupi, mistari mitano, kwa mwenye nyumba, ukimwomba ruhusa ya kutoboa ukuta.

Majibu ya hesabu: swali la 3, sentimeta 139.7. Swali la 4, sentimeta 136. Swali la 5, kilo 18.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mshazari: kutoka pembe moja hadi pembe ya upande wa pili.
Keekee: chombo cha kutobolea matundu.
Pimamaji: chombo chenye povu la kuonyesha kama kitu kimelala sawa.
Lipu: saruji na mchanga uliopakwa juu ya ukuta.
Breketi: chuma kinachobeba kitu ukutani.

Ndugu wanafunzi, kazi yenu ya nyumbani ni hii. Jioni ya leo ingieni chumbani mwenu, mkae sakafuni, mahali anapokaa mtoto, na mtazame televisheni kutoka huko chini. Andikeni katika daftari kila kitu ambacho mkono mdogo unaweza kukivuta. Mleteni orodha hiyo darasani. Kwaherini.